Namba Sitini na Tatu Isikatwe

Trieste, 12 Oktoba 2017

Mama mkubwa Jelka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila upepo wa bura umeanza mapema mwaka huu, na juzi uliniangusha mbele ya duka la mikate, watu wazima na akili zao wakacheka. Goti limechubuka, na heshima nayo imechubuka. Huko Jasenik vipi? Mama ananiambia kwamba umegombana tena na kile kifaa cha sikioni na sasa kinalala kwenye droo ya vijiko. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu unaitikia "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza ni saa ngapi.

Sasa nisikilize, au tuseme nisome. Wiki iliyopita maabara yetu ililetewa makasha manne ya mbao kutoka hospitali yenu ya zamani, ile iliyofungwa. Mafundi waliyakuta kwenye ghala la chini, wakaita chuo kikuu, na chuo kikatuletea sisi kwa sababu ya mtambo wetu. Ndani mna vichupa sabini na kimoja. Kila kimoja kina kiinitete cha binadamu kwenye fomalini, wa wiki nne wengine, wa wiki nane wengine. Mkubwa kuliko wote hazidi nusu ya kidole changu cha shahada. Na kila kichupa kina kadi yake.

Nilichukua kadi ya kwanza, nikaisoma, nikavuta kiti nikakaa. Ile saba yenye kistari katikati. Ile "d" yenye mkia. Ni mwandiko ulioniandikia kadi za siku yangu ya kuzaliwa miaka yote.

Ulituambia ulikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Hukuwahi kusema kwamba ulikuwa ukimsaidia Dakta Kolarić na mkusanyo huu. Unajua umetuwekea hazina gani? Watu wa zamani wakitaka kujua moyo wa mwanadamu unavyojikunja, au neva zinavyoufuata mkono, ilibidi wamkate yule mdogo kwa wembe vipande elfu mbili, wavibandike kwenye vioo, kisha wachore. Akishakatwa, amekwisha. Sisi tunapitisha miali, ndugu yake eksirei lakini myembamba na yenye jicho kali, tunapiga picha kutoka pande elfu kadhaa, na kompyuta inaziunganisha. Ninaweza kumzungusha kwenye skrini, nikaingia ndani ya moyo wake, nikatoka, na mwenyewe amekaa kichupani mwake, hajaguswa.

Nimeambatisha nakala za kadi zote sabini na moja. Kuna alama sizielewi, na ukanda wa juu wa kila kadi umekatwa kwa mkasi. Nisaidie, wewe peke yako ndiye unayejua.

Mbusu mama, na mpige teke yule jogoo wenu kwa niaba yangu.

Dunja wako


Jasenik, 4 Novemba 2017

Dunja mwanangu,

Marahaba. Goti lifunge jani la kabichi na siki, na usinitajie dawa za duka. Huku tumemaliza sikukuu ya Watakatifu Wote. Makaburini maua yalijaa hadi hapakuwa na pa kukanyaga, na mke wa mtu wa posta alikuja na koti jipya la manyoya ili marehemu wamwone. Mama yako aliwasha mishumaa miwili kwenye kaburi la bibi yetu kama kila mwaka. Tulipofika getini upepo ulikuwa umeuzima mmoja, akarudi njia yote kuuwasha tena, na nyonga yake unaijua ilivyo. Jogoo tumemla. Teke limefika.

Kuhusu kadi. Duara maana yake kilitoka kizima, bila kuguswa na chombo. Msalaba ni kilichochanika. Tarehe yenye mstari chini yake, mama mwenyewe alikuwa na hakika na hesabu ya siku zake. Isiyo na mstari tulikisia. Mengine nimeyajibu namba kwa namba kwenye karatasi ya pili. Ukanda wa juu ulikuwa na jina. Dakta Kolarić alisema jina halina kazi kwenye sayansi. Mkasi ulikuwa wangu.

Alikuwa anataka kuandika kitabu kikubwa. Alipostaafu alizifunika chupa kwa shuka za wodi, zikateremshwa chini, kisha vita vikaja na watu wakawa na mambo mengine ya kufikiria. Alifariki kabla hujamaliza shule. Nilidhani vile vichupa vilishatupwa.

Sijawaambia kwa sababu hamkuniuliza. Nani anauliza nesi kazini kwake anafanya nini?

Nijibu jambo moja, na nijibu wazi: mnawakata, au hamwakati?

Na makasha haya usimtajie mama yako. Ana moyo mwepesi.

Mama yako mkubwa, Jelka


Trieste, 30 Novemba 2017

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo tena. Kabichi imefanya kazi, ila ofisi nzima ilinuka na mwenzangu Paolo aliuliza nani amepika. Sijambo, nakula vizuri, ninalala vya kutosha, na jibu la swali ambalo hukuandika ni hapana, yule Mslovenia tumeachana na sina mwingine.

Karatasi yako ya pili imewafanya maprofesa wawili wanyamaze, jambo ambalo si rahisi. Pale ulipoweka mstari chini ya tarehe, umri wa siku unalingana kabisa na tunachokiona. Juzi nilifungua picha ya namba kumi na mbili, wa wiki ya sita. Nilifuata neva moja tangu shingoni hadi kwenye kiganja, ambacho bado kinafanana na kasia la mtumbwi. Hakuna mtu aliyewahi kuiona neva ile ndani ya yule. Nilikaa pale nikasahau chakula cha mchana.

Umeuliza kama tunawakata. Hatukati, isipokuwa kimoja. Mkuu wetu, Profesa Furlan, anasema kuna wataalamu wa zamani ambao hawataamini picha mpaka waone kipande cha wembe kando yake. Kwa hiyo kimoja, baada ya kupigwa picha, kitakatwa kwa njia ya zamani ili vilinganishwe. Amechagua namba sitini na tatu kwa sababu ndicho kilichohifadhika vizuri kuliko vyote.

Na hapo nina ugomvi na wewe. Umenijibu kadi sabini. Sitini na tatu umeiruka. Umezeeka, au ulikuwa unaangalia tamthilia ya Kituruki huku unaandika?

Dunja wako


Jasenik, 10 Desemba 2017

Dunja mwanangu,

Tumechinja nguruwe Jumamosi. Mama yako alisimamia soseji na mimi nikasimamia mama yako. Kwenye kifurushi hiki kuna soseji tatu za pilipili nyekundu, usimpe huyo Paolo zaidi ya moja. Kuna pia keki ya jozi. Safari hii jozi zilikuwa chungu kidogo kwa sababu mvua ya Septemba ilikuwa nyingi, kwa hiyo niliongeza sukari na ganda la limau, na kinyunya nilikiacha kiumuke mara mbili badala ya mara moja. Ukiikata, ikate nyembamba, na kisu ukiloweshe maji ya moto kwanza.

Namba sitini na tatu isikatwe. Chukueni nyingine.

Krismasi njema. Vaa soksi za sufu.

Jelka


Trieste, 18 Januari 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwa maandishi, maana ile ya mdomo nilikupa nikiwa huko, na siku nne nzima ulizungumza na mimi kuhusu kila kitu isipokuwa hiki. Nilipoingia jikoni ukaenda kwenye kuku. Nilipokwenda kwenye kuku ukakumbuka una ibada.

Keki ilikuwa nzuri. Soseji Paolo alikula mbili, nilishindwa kumzuia.

Nilimwendea Profesa Furlan nikamwomba abadilishe. Akaniuliza, "Kwa sababu gani?" Nikamwambia, "Mama yangu mkubwa amesema." Akasema, "Dunja, mimi pia nina mama mkubwa." Akakataa. Kukata kumepangwa tarehe ishirini Machi. Akipewa sababu ya maana atasikiliza, si mtu mbaya. Kwa hiyo naomba sababu.

Hii hapa kadi, nimeinakili isije ikawa ile nakala ilipotea: "Namba 63. Machi 1981. Wiki ya nane." Tarehe ina mstari. Kuna duara. "Mama miaka 23. Mimba ya kwanza." Mwandiko ni wako, lakini wino umekolea mahali pamoja, kama mtu aliyeisimamisha kalamu juu ya karatasi.

Picha yake imeshapigwa. Wenzangu wanasema ndiyo safi kuliko zote.

Dunja


Trieste, 16 Februari 2018

Mama mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Ni wiki nne sasa, na posta ya Jasenik si mbovu hivyo. Mama anasema u mzima na umepaka rangi uzio. Mwezi wa Februari, kwenye baridi.

Nimefanya hesabu ya miaka. Ni hesabu rahisi, mtoto wa shule angeiweza. Sitaiandika hapa na sikuulizi chochote. Mama sijamwambia neno.

Picha ya sitini na tatu sijaifungua. Wenzangu wanashangaa. Nimewaambia macho yanauma.

Niandikie. Hata kama ni habari za uzio.

Dunja wako


Jasenik, 1 Machi 2018

Dunja mwanangu,

Marahaba. Uzio ni wa kijani. Nimeupaka mara mbili.

Hesabu yako ni sahihi.

Ilikuwa Alhamisi, theluji ikiyeyuka. Baba yako alimleta mama yako Nevenka kwa gari la jirani, amemfunika kwa koti lake, na yeye mwenyewe yuko kwenye shati. Mimi nilikuwa zamu. Nilimshika mkono saa tatu zote, na alikuwa ananiambia, "Jelka, mzuie asitoke," kana kwamba mimi nina uwezo huo. Ilipokwisha, akapewa dawa akalala.

Mtoto alitoka mzima, ndani ya kifuko chake, kama yai lisilo na ganda. Dakta Kolarić alimtazama akasema, "Jelka, tangu nianze kazi hii sijapata mzima namna hii." Nikamwambia, "Dakta, huyu ni wa mdogo wangu." Kisha akasema, "Basi uamue wewe," akatoka akaufunga mlango. Hakuniamuru, Dunja. Angeniamuru, miaka yote hii ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Kulikuwa na ndoo na kulikuwa na kichupa. Ndoo ilikuwa inakwenda tanuruni. Nilijiambia kwamba kichupani angalau hatateketea. Hiyo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba niliipenda kazi ile. Sikuwa na elimu kama yako, na yule daktari ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia kwamba mikono yangu ina akili. Nilijaza fomalini, nikaandika kadi, nikachukua mkasi nikakata jina la mdogo wangu. Sikumtazama vizuri yule mdogo. Nilimwangalia kama mtu anayepima maziwa.

Asubuhi Nevenka akaniuliza, "Mmempeleka wapi?" Hakuna mama aliyeulizwa ruhusa enzi zile, na wachache waliuliza. Yeye aliuliza. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Nimemzika mwenyewe, miguuni kwa bibi." Akanibusu kiganja.

Sasa unajua ule mshumaa wa pili ni wa nani. Miaka thelathini na saba anauwasha juu ya udongo ambao hauna kitu, na mimi nimesimama kando yake nimeshika kiberiti.

Ulipozaliwa, nilimwona anacheka, nikasema sasa hakuna haja ya kumwambia. Kisha kila mwaka ulizidi kuwa mgumu.

Hiyo ndiyo sababu ya kumpa profesa wako. Sijui kama ni ya maana kisayansi.

Jelka


Trieste, 10 Machi 2018

Mama mkubwa,

Shikamoo. Barua hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nilizichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo nisingeweza kuyarudisha.

Nimekasirika, na sitakuficha. Nimekasirika kwa ajili ya ule udongo zaidi ya kichupa. Halafu nakumbuka nani aliyenifundisha kusoma mezani kwake mama alipokuwa kiwandani, na nani aliyeuza shamba lake la mizabibu ili nije kusoma huku. Hasira inabaki palepale, na mapenzi nayo palepale. Yamekaa kama wageni wawili wasiojuana ndani ya chumba kimoja.

Nilikwenda kwa Profesa Furlan nikafunga mlango. Nilimweleza bila kutaja jina la kijiji wala la mtu. Nilimwambia pia kwamba sitini na tatu si peke yake, vichupa vyote sabini na kimoja vilikuwa na mama, na wengine huenda bado wako hai na wana mahali pao pa kuwasha mshumaa. Aliinuka akaenda dirishani. Akasema, "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sita, na nimekuwa nikiwaita kwa namba kwa sababu kadi zilikuja na namba." Baadaye akasema hatakata yeyote kati yao. Ulinganisho utafanywa kwa kiinitete cha nguruwe. Tutachelewa mwaka mzima, na Paolo hasemi na mimi kwa kuwa makala ya ulinganisho huo ilikuwa yake. Soseji zako zitamrudisha.

Kwa hiyo hakatwi. Lala usingizi kwa hilo.

Lakini mama lazima ajue, na mimi sitamwambia. Nikimwambia mimi, utakuwa umemdanganya mara ya pili. Picha bado sijaifungua. Si haki yangu kumwona kabla yake.

Wewe ni dada yake. Nenda ukavuke barabara hadi mlangoni kwake.

Dunja wako, bado wako


Jasenik, 24 Aprili 2018

Dunja mwanangu,

Marahaba. Tumeshaanza kupanda viazi. Jirani Štef amevunjika mkono kwa kuanguka kutoka kwenye mti wa cheri ambao hata haujatoa maua, kila mtu anamwuliza alikuwa anatafuta nini huko juu, naye hasemi.

Nilivuka barabara Jumatatu ya Pasaka. Mama yako alikuwa anamenya mayai ya sikukuu ili yaliwe kabla hayajaharibika. Nilikuwa nimejiandaa kuanza mbali, kwa habari za hospitali na makasha. Nikajikuta nasema tu, "Nevenka, pale kwa bibi hakuna mtu. Sikumzika. Nilimpa daktari." Nikamweleza mengine yote, hadi mlango uliofungwa, hadi mkasi.

Unajua sisikii. Aliongea, midomo ilikuwa inatikisika, na mimi sikusikia hata neno moja, kifaa kiko kwenye droo ya vijiko. Nikamwomba aandike. Alitafuta kalamu, akapata ile ya kuandikia mahitaji ya sokoni, akaandika nyuma ya risiti: "Nenda kwako."

Nikaenda.

Siku kumi na tatu hakuvuka barabara. Tumeishi tukitazamana madirishani tangu alipoolewa, na siku hizo zote pazia lake lilikuwa limeshushwa. Niliona tu moshi. Nilijua mzima kwa sababu ya moshi. Jumapili kanisani alikaa benchi la mbele ambalo hatujawahi kukaa. Mwanangu, mimi nimezika mume na wazazi wote wawili, lakini siku zile kumi na tatu ndizo zilizonizeesha.

Siku ya kumi na nne nilikuwa bustanini nimeinama. Nikaona viatu vyake vya mpira mbele yangu. Hakunisalimu. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Sitaki kuikosea, kwa hiyo naiandika kama ilivyo:

"Sijakusamehe na usinihimize. Niambie tu kitu kimoja, wewe ulimwona. Vidole vyake vilikuwa vimeshatengana? Miaka yote hii namwona ndotoni hana mikono."

Nikalazimika kumwambia kwamba sijui. Nilimshika mimi kwa mikono yangu, na sijui, kwa sababu niliogopa kutazama. Nikadhani anaondoka. Akachukua jembe langu la mkono akaanza kupanda mstari wa pili wa viazi, amenipa mgongo. Tulimaliza mistari sita hivyo.

Nikamwandikia ardhini kwa kijiti: "Dunja anaweza kuona." Akasoma. Akaandika chini yake: "Bila kumkata?" Nikaitikia kwa kichwa, hakatwi.

Anataka ujibu kwa barua, si kwa simu. Anasema akikusikia sauti, utamwongopea kwa huruma. Uandike kama unavyowaandikia maprofesa. Na uandike kwangu, anasema, ili nimsomee mimi kwa sauti, kwa kuwa mimi ndiye niliyepaswa kumwambia tangu mwanzo.

Majina mengine ya kadi nayakumbuka kumi na tisa. Nitayaandika. Nipe muda.

Jelka


Trieste, 2 Mei 2018

Mama mkubwa Jelka, na mama yangu Nevenka unayesikiliza,

Shikamooni nyote wawili. Mimi ni mzima. Mama mkubwa, soma polepole, na usiruke mstari.

Jana ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, jengo lilikuwa tupu. Nilifungua picha ya namba sitini na tatu asubuhi, nikakaa nayo hadi saa nane mchana. Naandika nilichokiona, kama ninavyowaandikia maprofesa.

Urefu kutoka utosini hadi kwenye makalio ni milimita ishirini na nane. Umri ni siku hamsini na tano au sita. Mama, hesabu yako ya siku ilikuwa sahihi. Kichwa kimeinama kifuani. Kope zimeanza kushuka juu ya macho. Masikio yapo, chini kidogo kuliko pale ambapo yangekuja kukaa. Moyo una vyumba vinne. Mfupa wa mkono wa juu ulikuwa umeanza kukomaa katikati.

Mikono yote miwili ipo. Imekunjwa kwenye kiwiko. Vidole vimetengana, vyote kumi, nimevihesabu mara tatu kutoka pande tatu tofauti. Vina viungo. Neva imefika hadi kwenye ncha ya kila kimoja. Kiganja cha kulia kimelala juu ya kifua, na cha kushoto kiko juu yake, ncha za vidole zimegusana. Sikuona jeraha wala kasoro inayoweza kueleza kwa nini mimba ilitoka. Hapakuwa na kitu ulichofanya, wala ulichoacha kufanya, kinachoonekana kwenye picha hii.

Kama ni wa kiume au wa kike, kwa umri ule picha haionyeshi, na sitabahatisha.

Hakuna wembe uliompitia. Yuko kama alivyokuwa Alhamisi ile.

Profesa Furlan ameshasaini karatasi za kumrudisha. Sheria inaruhusu, tulikuwa tu hatujawahi kuombwa. Nitakuja naye kwa gari Jumamosi tarehe kumi na mbili, nitaendesha taratibu. Mama ndiye ataamua azikwe au la, na wapi, na nani asimame hapo. Picha nitaileta ndani ya bahasha iliyofungwa. Isipofunguliwa, haitafunguliwa.

Hapo maprofesa wamekwisha. Sasa ni mimi tu.

Mama, maisha yangu yote kwenye kila fomu ya shule na ya kazi nimeandika kwamba mimi ni mtoto wa kwanza na wa pekee. Jana mchana, kabla sijazima mashine, nilimwambia jina langu. Nikamwambia pia kwamba mimi ni wa pili.

Dunja